Asife Kibudu

Specioza alimwokota yule ndege, hoi, kwenye mpunga wa kijiji cha Mamba, asubuhi iliyofuata upepo wa siku tatu. Miaka sita anahesabu ndege wa Ziwa Rukwa kwa kujitolea, na huyu hakuwahi kumwandika. Rangi ya masizi, mabawa marefu, na juu ya mdomo vijibomba viwili vya pua. Kitabu chake kilisema wazi kwamba pua za namna hiyo ni za ndege wa bahari kuu. Na bahari iko mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi.

Nani angemwamini? Mwaka jana aliripoti ndege mgeni, na Maximilian, mtaalamu wa ndege kutoka Mpanda, akamjibu kwenye kundi la simu mbele ya watu themanini: "Mama, huyo ni membe tu. Vaa miwani." Walimcheka wiki nzima.

Safari hii angemkomesha Maximilian. Alipiga picha, akamlaza ndege kwenye tenga nyumbani kwa Kasimu, mume wa mdogo wake.

"Shemeji, huyu ni mali. Nitunzie, asije akanifia."

Akapanda pikipiki kwenda Majimoto kutafuta mtandao. Picha ilikuwa na ukungu, pua hazionekani, na Maximilian akabisha. Specioza akamrudishia maneno yake ya mwaka jana, moja moja, mbele ya wale wale themanini. Saa mbili nzima zilipita akimsema, na alizifurahia. Mwishowe jamaa akanywea, akaandika kwamba anakuja mwenyewe, anachohitaji ni kukiona kichwa.

Aliporudi, ua wote ulinukia vitunguu.

"Alianza kukata roho, shemeji," Kasimu alisema kwa fahari. "Ningemwacha afe kibudu? Nimemuwahi na kisu. Manyoya nimechoma, yasitapakae kwenye mpunga tulioanika."

"Kichwa kiko wapi?"

Kasimu alimwonyesha paka, aliyekuwa akijilamba chini ya ghala.

Specioza alitamani kumtandika mwiko. Lakini aliyeacha ndege mahututi ili akagombane Majimoto hakuwa Kasimu, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Tenga lile lingetosha kabisa nyuma ya pikipiki.

Jioni Maximilian alifika, vumbi hadi kwenye kope. Specioza hakumsalimia. Alimwekea bakuli la mchuzi mbele yake.

"Huyo hapo," alisema. "Vaa miwani."