Kenchi za Chumba cha Nyuma

Kaka yangu alikuja na fundi kukadiria mbao za paa la nyumba ya mama. Kuta nilizisimamisha mimi. Tangu ndoa yangu ivunjike nikarudi nyumbani, nilifyatua tofali mpaka kucha zikaisha, na chumba cha nyuma, kidogo tu, mama alisema ni changu. Mchango wa kaka ulikuwa paa, basi siku hiyo alitembea kifua mbele kama kajenga mji mzima.

Fundi tunamwita Chungulia, maana hachukui ubao kabla hajafumba jicho moja na kuuchungulia kama umepinda. Tena hapimi mpaka mwenye nyumba ashike ncha ya kamba. Anasema mwenyewe akishika, mbao zikipungua hakuna wa kumlalamikia. Mama akaingia chumbani kwangu, akaibana ncha ukutani kwa kidole gumba. Roho yangu kwatu.

Fundi akahesabu kenchi, zile pembetatu za kubeba bati, akaongeza na mbao za akiba.

"Nyingi hizo," kaka akasema. "Punguza."

"Kenchi hazipunguzwi kama chumvi, bosi. Nikiziachanisha, bati litabonyea. Labda tufupishe paa."

"Lifupishe. Chumba cha nyuma kitasubiri."

"Kisubiri nini?" nikamuuliza. "Hizi ni tofali mbichi. Mvua ikinyesha zinarudi kuwa tope."

"Mdogo wangu, usianze. Leo upo, kesho utaolewa tena. Nimwezekee mgeni?"

Mgeni. Mimi niliyemfulia baba mashuka tangu alipolala kitandani hadi tulipomzika, yeye akipiga simu kuulizia hali. Nilimchukia kaka yangu pale pale, na sioni haya kusema. Lakini sikubishana naye. Nyumba ni ya mama, na ncha ya kamba ilikuwa mkononi mwake. Nikamgeukia, nikangoja aseme neno moja tu.

Mama akaiachia ncha. Akakusanya nguo yake isishike vumbi, akapita mbele yangu bila kunitazama, akavuka mlango wangu usio na fremu, akaenda kusimama kwenye ukuta wa sebule.

Fundi alinitupia jicho, kisha akamtazama yeye.

"Mama, nihesabu mpaka wapi?"

"Mpaka hapa niliposimama," mama akasema, akanyoosha mkono apewe kamba.