Pakiti ya Kijani Juu ya Seva

Tangu Kuo Po-han aajiriwe kwenye kampuni yetu ya seva hapa Hsinchu, bosi Liao hana wimbo mwingine. Po-han hivi, Po-han vile. Miaka yote mimi ndiye ninayezilea mashine pepe za wateja, zile kompyuta za programu tu zinazokaa ndani ya seva zetu, na Ijumaa bosi angemtangaza mkuu mpya wa kitengo. Wivu ulinikaba, sifichi.

Jumatano nikamnasa. Kabla ya kusasisha mashine, tunaigandisha diski yake, na kila kinachoandikwa baadaye huingia kwenye kumbukumbu ya muda. Kazi ikiisha, aliyeifungua huiunganisha na diski. Akiisahau, inavimba mpaka inajaza hifadhi yote na mashine zinasimama. Ndiyo maana anayeifungua huweka juu ya seva pakiti ya kijani ya vitafunwa, ile ya kuzibembeleza mashine ziwe na adabu, yenye jina lake. Akimaliza, anaishusha, tunaila.

Kumbukumbu ya mteja wetu mmoja, kiwanda cha soya, ilikuwa imevimba vibaya. Pakiti ilisema Kuo Po-han. Sikuhitaji kuangalia kingine.

Kikaoni nilimwanika. "Kipenzi chako huyu, bosi, karibu atuzamishe!"

"Po-han, kweli?"

Po-han alinitazama, akainamisha kichwa. "Uzembe wangu, bosi. Naomba radhi."

"Nilidhani umebeba kichwa, kumbe boga!" bosi akafoka.

Ijumaa haikungojwa. Cheo nikapewa palepale.

Nikaenda kuiunganisha ile kumbukumbu mwenyewe, kwa raha zangu. Kwenye skrini, jina la aliyeifungua: Su Pei-chen. Mimi.

Nikakumbuka. Pakiti yangu ilikuwa inakaribia kupitwa na tarehe, na iliyopitwa ni mkosi. Niliishusha nikaila, nikisema nitaweka nyingine. Na Po-han aliniuliza, "Dada, ile ya soya bado?" Nikamjibu, "Hangaika na zako!"

Nilimkuta kwenye mtungi wa maji ya moto. "Kwa nini hukusema?"

"Niliiona haina pakiti, dada. Nikahofia mtu atadhani imeshafungwa, nikaweka yangu."

"Kikaoni, nauliza!"

"Mbele ya watu wote? Nikuvunjie heshima, dada?" Akanisogezea kikombe kwa mikono miwili. "Hongera kwa cheo."

Hata kwa moyo amenishinda, mshenzi yule. Mlango wa bosi ulikuwa wazi. Nikaupita bila kuingia, nikaenda kukalia kiti changu kipya.