Tembo Aliyekatwa Mkonga

Mkonga ulianguka kwenye nyasi bila kelele, na Valentini akajua kazi imemwishia.

Miaka mitatu alikuwa akimkata na kumfunga waya yule tembo wa michongoma, ua lililopunguzwa likawa umbo la tembo, mbele ya nyumba ya wageni ya Bi Salome, Kilwa Masoko. Jumamosi binti wa Bi Salome anaolewa, na picha zote zingepigwa hapo. "Tembo akiharibika," Bi Salome alishamwambia, "wewe na mkasi wako mtarudi Rondo kwa miguu."

Mkono ndio uliomponza. Huko Rondo, kwao Wamwera, alikulia mikoroshoni, na kwenye mkorosho tawi linalogusa chini hukatwa, watu wapate kufagia na kuokota korosho. Mkonga uligusa chini. Mkono haukuuliza.

Mtani wake Likwata, mpishi, akatoka jikoni na mwiko.

"Ehee! Mmwera kavuna! Gunia ngapi?"

"Niache, Likwata. Nafukuzwa mimi."

Likwata alipoona mwenzake hacheki, akaweka mwiko chini, akauokota mkonga. "Lete waya basi."

Walikuwa bado wanaufunga, Bi Salome aliposhuka kwenye bajaji. Mkonga ukaanguka tena, safari hii miguuni pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakata?"

"Mimi, mama. Mkono umezoea mikorosho."

Bi Salome akakalia ndoo iliyofudikizwa, akashika kifua. "Mungu mkubwa! Natoka Milola kwa wakwe. Tembo wamewamalizia shamba zima la mihogo. Mama wa bwana harusi ukimtajia tembo tu, analia. Njia nzima najiuliza nitakuambiaje umkate, baada ya vitisho vyangu vyote vile!"

Valentini alitaka kucheka. Ikatoka pumzi tu, ndefu kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Sasa nimgeuze nini, mama? Kiboko?"

"Kiboko naye si anakula mpunga wa watu!"

"Mgeuze chungu," Likwata akadakia. "Mgongo kifuniko, masikio vishikio. Tumbo la pilau analo tayari."

Jumamosi mama wa bwana harusi alipigwa picha nne mbele ya chungu cha kijani, anacheka. Ya tano akamwita Valentini asimame naye, na mkasi wake.

"Mama, kaa naye mbali!" Likwata akapaza sauti kutoka jikoni. "Gauni lako linagusa chini!"