Kilima Kilichopanga Foleni

Jana usiku nimeota nimepanga foleni na kilima. Si kando ya kilima, la. Kilima chenyewe kilikuwa mbele yangu, kimesimama na miti yake yote, na bibi yangu Mkawasi amekaa juu yake akichambua maharagwe. Mwanzo wa foleni palikuwa na meza ya kukunja, na nyuma ya meza Bwana Harrow, mlowezi, anaipa majina milima na mito.

Majina alikuja nayo kutoka kwao, sanduku zima, kila moja limefungwa kwenye gazeti kama sahani. Mlima ulio mbele yetu unapewa jina la mbwa wake. Hapo hapo unabweka, unaondoka ukinusa njia. Mto unapewa jina la shangazi yake, nao unagoma kutiririka mpaka uletewe chai. Mimi sioni ajabu. Nawaza kilima chetu tu. Kinaitwa Mghanga tangu enzi hizo, na ukikiita kinaitika. Kitovu cha bibi kilizikwa pale, na ameapa hatazikwa kwingine. Sasa kilima kikipewa jina geni, siku hiyo kitampokeaje? Hakitamjua.

Zamu yetu ikafika. Bwana Harrow akasema limebaki moja, Agatha, la marehemu mama yake. Alilitunza kwa ajili ya kilima hiki, anachokiona dirishani kila akiamka. Jamani, nilimwonea huruma.

Nikamwambia hiki kina jina. Akatoa karatasi ya masharti ili anikomeshe, akaisoma kwa sauti: anayebadili jina la mahali awe na kitovu chake mahali hapo.

"Chako kiko wapi, baba?" bibi akamuuliza, bila kuacha maharagwe.

Akapekua mifuko, kofia, sanduku, hata soksi. Mwisho akakiri kuwa kwao hutupwa tu, na hakuwahi kuuliza kilitupwa wapi.

"Na mama ulimzika wewe?"

"Hapana. Nilikuwa huku, nikiandika majina."

Bibi akaweka maharagwe kando, akashuka kilimani.

"Lete hilo jina tulizike. Kilima kibaki na lake."

Tukachimba, mimi na Bwana Harrow tukipokezana jembe. Akaliweka Agatha chini pamoja na gazeti lake, bibi akafukia kwa mguu. Nikaita, "Mghanga." Kilima kikaitika, "Naam," kikatoka kwenye foleni, kikarudi nyumbani.

Nikaamka, nikatoka uani kunawa uso. Jembe letu, ambalo halijaguswa tangu masika, lilikuwa limeegemezwa ukutani, lina udongo mbichi. Bibi alikuwa kibarazani na ungo wake wa maharagwe, mguu mmoja mwekundu kwa udongo hadi kifundoni. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Sema polepole, mjukuu wangu," akaniambia, uso uko kwenye ungo. "Mama wa watu ndiyo kwanza amelala."