Mtoto Ndani ya Kikapu cha Mashuka

Mjukuu wangu ana miezi saba. Tunamwita Bosi, maana akilia nyumba nzima inasimama. Jumatatu mama yake alikuwa uwanjani akikagua tiketi za mashindano, na mimi zamu yangu ya kufua kwenye bweni la wachezaji wa nje ilikuwa imefika. Hakukuwa na wa kumwachia. Nikamlaza kwenye kikapu, nikamfunika shuka jepesi, nikaingia naye kazini.

Ghorofa ya pili nilimkuta mkimbiaji mgeni, dada wa watu, kajilaza. Macho mekundu, pua inachuruzika. Bosi akatoa kilio. Yule dada akaketi, akanionyesha picha ya mwanawe kwenye simu, akanyoosha mikono. Nikajua amelia, mzazi kamkumbuka mtoto. Nikampa. Akamkumbatia, akageuka kidogo, akakohoa.

Alhamisi tuliitwa wote chumba cha kufulia.

"Mkimbiaji wa ghorofa ya pili ana surua," alisema daktari wa mashindano. "Inakwenda na hewa. Nani aliingia chumbani kwake?"

Nikainua mkono.

"Uliwahi kuugua surua, bibi?"

"Utotoni."

"Basi wewe usiogope."

Nisiogope! Na Bosi je?

"Kulikuwa na mtoto mdogo? Sindano ya kinga ikiwahi inaweza kumsaidia. Zikipita siku sita, tumechelewa."

Msimamizi akadakia, "Mtoto atoke wapi, daktari? Hapa ukileta hata paka, huna kazi."

Wenzangu wakacheka. Mimi nilikuwa nahesabu vidole ndani ya mfuko wa aproni. Siku tatu zimeshakwenda.

"Alikuwepo," nikasema. "Mjukuu wangu. Yule dada alimbeba."

Kicheko kilikatika.

"Bibi wewe, umetumaliza," msimamizi akasema.

Daktari hakumsikiliza. "Yuko wapi sasa?"

Bosi alidungwa pajani saa ile ile. Kazi sina. Tumeambiwa tusitoke wala tusipokee mgeni, na mama yake hanisemeshi ila kuuliza, "Umemtazama?"

Namtazama. Kila asubuhi namvua nguo, namkunja masikio, natafuta vipele nyuma yake. Anacheka, anadhani namtekenya.

Leo ni siku ya kumi tangu yule dada ambebe. Nimemgusa paji la uso, lina joto. Au ni mkono wangu, umetoka kushika kikombe cha chai.

Ngoja upoe. Nimguse tena.