Kona Isiyo na Ukuta

Kabla mbio hazijahamishwa, Bendera alikuwa anasimama karibu na magari kiasi kwamba jioni akivua shati linanuka breki. Jina lake halisi hata mama mwenye nyumba alishalisahau. Kila mtu alimwita Bendera, maana kazi yake ilikuwa kushika bendera kwenye kona ya bohari, pale ambapo barabara ya kawaida kabisa, ya watu kwendea sokoni, ilifungwa ili magari ya mbio yapite. Upande huu yeye na bendera yake ya njano ya kuonya hatari, upande wa pili ukuta wa bohari, na katikati dereva ajipenyeze anavyojua.

Kila mzunguko, dereva mmoja akifika pale alikuwa anainua kidole kutoka kwenye usukani. Kidole kimoja tu. Huyo alikuwa kaka yake.

Watu walidhani ni utani wa ndugu. Kumbe ndiyo salamu pekee iliyokuwa imebaki kati yao. Rafiki wa kaka yake alifia kwenye ukuta ule, na baada ya mazishi kaka mtu akasimama mbele ya madereva na mafundi akasema ukuta umeshakula vya kutosha, ujengwe uwanja mpya. Bendera, ambaye kuongea mbele ya watu kwake ni homa, siku hiyo mdomo ukamponyoka.

"Kama unaogopa, si upande baiskeli!"

Mafundi wakacheka. Kaka yake hakucheka.

"Wewe unaupenda ukuta kuliko unavyonipenda mimi," alisema, akaondoka zake.

Basi ikawa hakuna simu, hakuna kutembeleana. Uwanja ukawa unajengwa huko nje ya mji, na mbio zikaendelea kwenye kona ya bohari, na kidole kikaendelea kuinuka. Bendera akajiambia maadamu kidole kipo, kaka yupo.

Uwanja mpya ulipokwisha, aliomba kazi huko kwa sababu hiyo moja. Hakumwambia mtu.

"Mzuri, sikatai," alisema Mzee Kifagio, aliyekuwa anafagia kokoto kona ya bohari tangu ana nywele. "Msafi kama hospitali. Lakini nani anaenda hospitali kwa raha zake?"

"Babu, twende wote basi."

"Huko wanafagia kwa gari, mwanangu. Mimi nitakwenda kufanya nini, kulipungia mkono?"

Kwa hiyo akaenda peke yake. Msimamizi, kijana mwenye miwani safi, akampeleka kwenye kibanda cha vioo nyuma ya wavu wa chuma.

"Ukiona hatari, bonyeza hapa, taa ya njano inawaka kule. Rahisi."

"Na bendera?"

"Iko kabatini. Ya siku umeme ukikatika."

"Umeme hukatika?"

"Hapa? Haukatiki, dada."

Akabaki na vitufe vyake. Mbele yake kulikuwa na wavu, nyuma ya wavu kokoto, nyuma ya kokoto lami tupu pana kama uwanja wa ndege, na huko mbali, mbali kabisa, ndiyo njia yenyewe. Magari yalipita kama wadudu wa rangi. Hakuna harufu. Hata kelele ilifika imechoka. Chakula kililetwa ndani ya boksi na mtu aliyekuwa na haraka. Kule kwenye bohari watu walikaa juu ya mapaa wakimtania, "Bendera, leo umevaa viatu vya nani?" Alikuwa anaona aibu mpaka masikio yanawaka. Sasa alizitamani kelele zao.

Siku ya mbio za kwanza, gari la kaka yake lilipopita alibandika paji la uso kwenye kioo. Hakuona kidole. Wala hakuona kama hakipo. Mzunguko uliofuata akanyoosha mkono juu, ndani ya kibanda, peke yake kama mwendawazimu. Gari likapita.

Mvua ikaanza. Na ni gari hilohilo lililoteleza. Lilizunguka kama pia, likatoka njiani, likaja likiburuzika kwenye ile lami yote ambayo Bendera alikuwa ameichukia tangu asubuhi. Akabonyeza kitufe. Gari likaingia kwenye kokoto, likazama hadi tumboni, likatulia.

Magari mengine yalipopunguzwa mwendo, sauti kwenye redio ya kibandani ikamruhusu atoke. Akakimbia. Akakimbia kuuzunguka wavu, kisha kwenye kokoto pana zinazomeza miguu, mpaka mbavu zikamchoma, na bado hajafika. Kaka yake alishatoka, amekaa kwenye kokoto, helmeti mapajani, mzima kama alivyozaliwa.

"Umekawia," alisema.

"Ulivyo mbali!" Bendera alikuwa anahema. "Kule bohari ningekufikia kwa hatua moja."

"Eh. Kule."

Bendera akatazama alama za matairi, ndefu, zimepinda, haziishi. Akaziweka kichwani kwake kwenye kona ya bohari. Zilipita katikati ya ukuta.

"Kule ningekufikia," alisema taratibu, "lakini nisingekukuta."

Kaka yake akafuta matone usoni.

"Kaka, leo ulikuwa unainua kidole?"

"Ungekuwa wapi nikuinulie? Mimi naona taa tu. Sikujua hata kama umekuja huku."

Gari la kuvuta likafika, wakamchukua. Bendera akarudi kibandani kwa miguu, kokoto zimejaa viatuni, mbio zikaendelea hadi mwisho mbele ya macho yake kama zinafanyika nchi nyingine.

Jioni alikwenda kwenye geti la gereji. Kitambulisho chake hakikuruhusiwa.

"Naomba uniitie," alimwambia mlinzi. "Mwambie ni dada yake."

"Dada yake? Hajawahi kusema ana dada."

Masikio yakawaka, miguu ikataka kugeuka. Hakuiruhusu.

"Mwite tu."

Alisubiri mpaka malori yameanza kuondoka. Kaka yake akatoka anachechemea kidogo, maumivu ndiyo yameanza kuja sasa, ana shati la kawaida na funguo za gari la kawaida.

"Una usafiri?"

"Nina miguu."

"Panda."

Aliendesha polepole, kwenye taa zote akisimama, watu wakimpigia honi wasijue wanampigia nani. Walipoingia mjini, kaka yake akapunguza mwendo, akaangalia huku, akaangalia kule, na ndipo Bendera akaelewa. Hajui dada yake anakaa wapi siku hizi.

"Hapa kushoto?" aliuliza.

"Kulia," Bendera alisema. "Bado mbele. Nitakuelekeza."