Paka Maziwa Kwanza

Cherehani hakuwa mtu wa kuishiwa maneno. Jina lenyewe alipewa kwa sababu mbili: ya kwanza, alishona nguo miaka tisa, ya pili, akianza kusema hakati uzi. Aliyembandika jina hilo ni mjomba wake. "Mtoto wa Sindano," alisema, "angekuwa nini kama si Cherehani?" Sindano ndiye mama yake Cherehani, dada mkubwa wa mjomba, aliyeitwa hivyo nyumbani kwao tangu utotoni kwa ajili ya wembamba wake.

Mjomba alikuwa fundi wa fito za kuvulia samaki. Usifikirie kijiti cha kichakani kilichofungwa mshipi. Fito zake zilikuwa za faiba, nyepesi, zenye pete za kupitishia mshipi, na kila moja ilitengenezwa kwa kipimo cha mkono wa mwenyewe. Lakini kilichompa sifa ni nakshi. Juu kidogo ya mpini, pale penye nafasi ya shubiri moja, ufito wake ulisukwa picha kwa nyuzi nyembamba za rangi, na watu walitoka mbali kuja kuzitazama tu.

Cherehani alikuja kujifunza kazi hiyo miezi minne iliyopita, baada ya duka alilokuwa akishonea kufungwa. Alikuja na kiburi chake chote, akidhani uzi ni uzi. Akakoma. Kwanza unatandaza nyuzi thelathini na saba kwa urefu wa ufito; huo ndio mtande. Kisha unazungusha uzi mmoja mweupe kuuzingira ufito. Huo ndio mshindio. Kila mzunguko unatazama karatasi yenye vijumba. Kijumba chenye rangi, uzi wa mtande unabaki juu. Kijumba kitupu, unaingia chini ya mshindio. Ukikosea uzi mmoja, jicho la samaki linahamia shavuni. Mwezi wa kwanza samaki wake wote walikuwa na macho mashavuni, na mjomba alikuwa akija na wembe, anakata kazi ya siku tatu bila hata kukohoa.

"Nguo husamehe," alimwambia. "Kosa la nguo unalificha kwenye pindo. Huku pindo liko wapi?"

Mama yake hakupendezwa na habari hizo. Alipoambiwa, aliinuka akaenda kukoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. Karakana ya mjomba haikuwa mbali na kwao, mwendo wa dakika kumi, lakini mama hakuwa akikanyaga pale. Alisema harufu ya vanishi inampa kichwa. Na mambo ya nyuzi hakuyataka kabisa. Hata kifungo kikikatika alimpa mwanawe akishone, akisema mikono yake na uzi haielewani. Cherehani aliamini. Mtu hamfanyii mama yake upelelezi kwa ajili ya kifungo.

Sasa basi, chama cha wavuvi wa ndoano kiliamua kumpa mjomba heshima, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Kwa ajili hiyo walishusha ukutani kwao ule ufito uliompatia mjomba sifa miaka thelathini na moja iliyopita, wa kwanza kusukwa nakshi, wakamletea aufanye upya kwa sababu jua lilikuwa limeila rangi. Mjomba alijifungia nao chumba cha nyuma asubuhi nzima. Alipotoka uso ulikuwa umemshuka, na ufito ulikuwa umezungushwa uzi mweupe mtupu pale palipokuwa na nakshi.

"Ya zamani nimeitoa," alisema. "Huu mweupe ni wa kukalia tu. Suka juu yake, na usiufungue. Umenisikia? Usiufungue. Ukiutoa safi, Jumamosi nakusimamisha mbele ya watu nawaambia huyu ndiye fundi baada yangu."

Hilo ndilo Cherehani alilokuwa akilitafuta. Miaka tisa alishona nguo zikatoka na jina la duka; hakuna aliyewahi kuuliza mkono ni wa nani. Alisuka siku kumi na moja. Samaki watatu, bluu na weusi, wakifuatana upande mmoja wa ufito, na upande wa pili weupe safi kama shuka la wageni.

Alhamisi asubuhi alikuta karakana iko wazi na mjomba hayupo. Jino lilikuwa likimsumbua tangu Jumanne, na shavu limevimba hata kusema hawezi. Juu ya meza aliacha karatasi, kwa herufi kubwa za mtu mwenye maumivu: PAKA MAZIWA KWANZA HALAFU VANISHI NIKO KWA DAKTARI WA MENO.

Cherehani aliisoma mara mbili. Karakana ilikuwa na paka, jitu nene la kijivu, ambalo wote walikuwa wakiliita Meneja kwa sababu lilishinda kitini likitazama watu wanavyofanya kazi. Alishangaa kidogo mjomba kumwita paka hivi hivi tu, lakini mtu mwenye jino hana nafasi ya vyeo. Akatoka, akanunua pakiti ya maziwa, akammiminia Meneja kwenye kisahani. Meneja akanywa, akajilamba, akarudi ofisini kwake.

Kisha vanishi. Hiyo ilikuwa kazi ya mjomba peke yake, mlango umefungwa, na kumwachia leo ilikuwa heshima. Aliuweka ufito kwenye kile kimota kinachouzungusha polepole ili vanishi isichuruzike, akachovya brashi, akapaka kutoka mpinini kwenda juu. Iling'aa. Akatabasamu. Akageuka kuifuta brashi, na aliporudisha macho, tabasamu likaganda.

Weupe ulikuwa unaondoka. Uzi wenyewe ulikuwepo, alipougusa aliuhisi, lakini rangi ilikuwa inayeyuka, unageuka kama maji, na macho yanapenya hadi chini. Wale samaki wake wazuri, nyuzi zilizokuwa zimejificha tumboni mwao zilijitokeza zote, miiba yao ikaonekana kama wamekwisha kuliwa. Cherehani alitia mkono kichwani. Siku kumi na moja! Akataka kulia, na angelia, kama ufito usingekuwa ukizunguka na kumletea upande wa pili.

Upande wa pili ulikuwa na maandishi.

Yaliandikwa kwa wino mweusi, herufi ndogo, juu ya faiba yenyewe, chini ya kila kilichosukwa. Yalipita, yakaenda, ufito ukayarudisha. Alisoma kipande kipande, kila mzunguko maneno mawili: *Tumesuka wawili. Sindano na aliye tumboni.* Na mwezi, na mwaka.

Alikaa chini, sakafuni, kwa kuwa kiti kilikuwa mbali. Mwandiko aliujua. Ile *k* yenye mkia mrefu aliiona maisha yake yote, kwenye orodha za sokoni na kwenye barua za kumwombea ruhusa shuleni. Mwezi alioandika mama ulikuwa mmoja kabla ya mwezi aliozaliwa yeye. Aliye tumboni ni yeye. Mikono isiyoelewana na uzi ndiyo iliyosuka ufito uliompa mjomba jina, na watu miaka thelathini na moja wanampigia mjomba makofi.  Akaichukua simu.

Akampigia mama yake. "Mama, njoo karakana."

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Njoo tu."

Aliyetangulia kufika ni mjomba, nusu ya mdomo imekufa ganzi, leso shavuni. Alisimama mlangoni, akautazama ufito, na leso ikaanguka.

"Maziwa!" alisema, neno likitoka kwa upande mmoja. "Si nimeandika upake maziwa?"

"Nimempa."

"Umempa nani?"

"Paka!"

Mjomba alimtazama Meneja, akautazama ufito, akaenda kwenye rafu ya juu kabisa akashusha chupa. Ndani mlikuwa na dawa nyeupe. "Haya ndiyo maziwa," alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Unaupaka uzi, unakunywa, unakauka, ndipo unashika rangi yake. Uzi usiokunywa ukiguswa na vanishi unakuwa kioo."

Siku nyingine wangecheka mpaka mbavu ziume. Leo hakuna aliyecheka.

"Mjomba, nani alisuka ufito huu?"

Mjomba aliiokota leso yake. Kimota kikalia. Maandishi yakapita.

"Watu wa chama walikuja kuuliza fundi ni nani," alisema mwishowe. "Dada alikuwa amelala hospitali, amekwenda kukuzaa wewe. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ufito. Nikasema ni mimi. Nilijua kesho nitasahihisha. Kesho wakaleta kazi kumi."

"Na haya maandishi ulijua yapo?"

"Wallahi sikujua! Nimeyaona siku ile nilipokata nakshi yake. Nikataka kuyakwangua, mkono ukakataa. Nikafunika." Akakamata ukingo wa meza. "Mpwa wangu, nisikilize. Vanishi haijashika. Tukifuta na spiriti sasa hivi, tutapaka maziwa, tutasuka upesi upesi hata samaki mmoja. Jumamosi nitakusimamisha kama nilivyokuahidi. Ikikauka hivi, hakuna fundi mimi, na hakuna fundi baada yangu. Lete spiriti."

Cherehani aliitazama chupa ya spiriti. Ilikuwa karibu na kiwiko chake. Alilitaka jina hilo la fundi, tusidanganyane.  "Sileti," alisema.

"Mpwa!"

"Sileti, mjomba. Nimemwita mama."

Mjomba alifungua mdomo, nusu ikafunguka. Kabla hajapata la kusema, mama alikuwa mlangoni, mwembamba vile vile, kanga ya jikoni bado kiunoni. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja mezani, akapeleka mkono chini, nyuma ya mguu wa meza, akakizima kimota bila kuitafuta swichi. Cherehani mwenyewe alichukua wiki nzima kujua swichi ile iko wapi. Mshtuko huu wa pili ulimwingia kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa maandishi mtu anaweza kuyakana, lakini mkono ulioijua njia ya swichi gizani chini ya meza hauna la kukana.

Mama alisoma mwandiko wake mwenyewe. Alisoma kama anasoma barua ya mtu aliyekufa.

"Nakshi yangu iko wapi?" aliuliza.

"Ilikuwa imeliwa na jua, dada. Niliikata."

"Umeitupa?"

Mjomba aliinamisha kichwa.

"Nilitoka kujifungua nikakuta jina lako limeshakauka," mama alisema, bila kupandisha sauti. "Nikasema ni mdogo wangu, atakuja kusema kweli. Nikakaa nikingoja uje. Ukawa unapita nyumbani, unakula, unaondoka." Akanyoosha mkono. "Spiriti."

Uso wa mjomba uliangaza kama aliyesamehewa. Cherehani aliruka. "Mama, usifute!"

 Mama alilowesha kitambaa akafuta vanishi yote, taratibu, mpaka ufito ukabaki umenyauka na nyuzi zake chafu. Kisha akachukua wembe akampa mwanawe. "Kata. Mpaka uzi wa chini."

"Siku kumi na moja, mama!"

"Kazi nimeiona. Samaki wa tatu amekosa uzi mmoja mkiani, lakini ni kazi nzuri, na mkono ni wako. Samaki utawasuka kwenye ufito wako mwenyewe. Kata. Jina langu halitatoka kwa bahati mbaya, kama panya aliyeanguka darini."

Cherehani alikata. Machozi yalimtoka, hakuyaficha. Alizungusha uzi mweupe mpya wa kukalia, maandishi yakazama tena, safari hii mbele ya macho ya wote watatu. Mama alikuwa amevuta karatasi ya vijumba na anatia penseli, herufi saba, kubwa, za kusomeka kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Mjomba alipoziona alikaa. "Dada, Jumamosi watu watasema nini?"

"Watasoma. Si wanajua kusoma?" Alitandaza mtande, nyuzi za bluu. Vidole vilikuwa vizito. Uzi ulimponyoka mara mbili, akatukana kidogo. Mara ya tatu kidole cha pete kilijikunja chenyewe na kuurudisha uzi nyuma, kwa ule mtindo ambao Cherehani alikuwa akiamini kwamba aliubuni mjomba. Mama akamsukumia mdogo wake karatasi. "Enzi zile nilijisomea mwenyewe, na tumbo limefika huku. Leo utanisomea wewe. Kwa sauti."

"Mdomo una ganzi, dada."

"Ndiyo. Soma."

Mjomba akasoma. Mbili juu, tatu chini, mbili juu. Kijumba kwa kijumba, herufi kwa herufi, jina la dada yake likatoka kinywani mwake kwa shida, na mama akalisuka alivyolisikia. Walipofika katikati, upande wenye ganzi ulikuwa unadondosha mate na macho yanadondosha yake, na Cherehani alisimama kati yao ameshika bobini ya uzi, hana neno hata moja.

Jioni ilikuwa inaingia mjomba aliposoma kijumba cha mwisho na kuiweka karatasi chini. Mama aliupitisha ukucha juu ya herufi, akazikandamiza zikakaa.

"Herufi ya kwanza sikuisikia vizuri," alisema. "Rudia."

Mjomba akaichukua karatasi tena, akaanza mwanzo.